Jumapili hii nani anaongoza ibada?

Swali liliulizwa Ijumaa usiku, kabla ya somo la kwanza la semina yetu ya siku tatu. Viongozi 31 wa makanisa madogo ya Unguja na Pemba walikuwa wameshakula, wameketi ukumbini kule Mbweni, Unguja, kila mmoja na daftari jipya mkononi. Mwezeshaji wetu, mchungaji mtu mzima aliyetoka Tanga, aligawa vipande vya karatasi akasema: "Ninyi mko hapa mpaka Jumapili jioni. Kule mlikotoka, Jumapili hii nani anaongoza ibada? Andikeni jina lake, tumwombee."

Hakukusudia zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, na karatasi zile nilizikusanya mimi, nikakaa nazo saa tano usiku ili nimwandikie majina kwa mwandiko unaosomeka. Nilipofika karatasi ya kumi na mbili au kumi na tatu nilisita. Nikaenda kufungua faili la barua za mwaliko, la mwaka ule na la miaka mitatu ya nyuma. Kati ya watu wote walioandikwa kwenye karatasi zile, hapakuwa na hata mmoja ambaye tuliwahi kumwita kwenye semina yoyote.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu naamini kinawahusu wengi wanaoandaa semina na mafungo ya viongozi hapa visiwani, na kwa sababu kosa lilianzia kwenye barua niliyoiandika kwa mkono wangu.

Tuliowaalika

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na takriban wote ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengi katika hao wachache wamezaliwa bara: walimu, askari, mafundi ujenzi, wauguzi, na hasa wafanyakazi wa hoteli za pwani, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani. Wapo Wakristo Wazanzibari wa vizazi na vizazi, lakini ukienda kusali kwenye kanisa la shamba utasikia Kiswahili cha Iringa, cha Mwanza, cha Moshi. Kiongozi wa kanisa kama hilo mara nyingi halipwi na kanisa. Ni kijana wa mapokezi mwenye Biblia kwenye begi, au mlinzi anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu yuko mbele ya watu anahubiri.

Kuwapata watu hawa kwa siku tatu ni mtihani. Wageni wakiwa wengi, Juni mpaka Oktoba na tena Desemba mpaka Februari, ruhusa ya Jumamosi na Jumapili haipatikani. Masika ikiingia, hoteli nyingi hufungwa, na wafanyakazi waliopewa likizo isiyo na malipo hupanda boti kwenda kwao. Ramadhani, popote itakapoangukia, tunaiepuka: kupika na kulisha watu mchana nyuma ya mapazia huku jirani amefunga si ujirani. Inabaki nafasi ndogo, na kwetu huwa Novemba, katikati ya mvua za vuli. Mwaka ule tuliomba ruhusa miezi miwili kabla. Baadhi walipata kwa kubadilishana zamu na wenzao Waislamu, waliokubali kufanya kazi wikendi nzima ili Mkristo aende semina yake. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana habari za dini za visiwa hivi husimuliwa zaidi zikiwa mbaya.

Barua ya mwaliko ilisema: "Mwenyekiti na katibu wa kila kanisa, au mwinjilisti kama yupo." Chini yake palikuwa na fomu: jina, cheo, kiwango cha elimu, namba ya simu. Sentensi ile niliinakili kutoka barua ya mwaka uliotangulia, na ile nayo ilitokana na nyingine.

Jumamosi asubuhi

Ratiba ilitaka tuanze na utunzaji wa fedha za kanisa. Saa tatu na nusu nilihesabu wanane waliokuwa wanasinzia. Hawakuwa wavivu, walitoka zamu ya usiku Ijumaa alfajiri, wakashinda wakipanga safari, wakafika Mbweni jioni. Mchungaji alifunga daftari la fedha, akafungua Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, amelala chini ya mretemu. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mchungaji akasema wenye usingizi wakalale mpaka saa sita.

Wajumbe wa kamati tulinong'ona, maana ukumbi ulikuwa wa kulipia. Leo nasema zile zilikuwa saa zenye faida kuliko zote za semina ile. Waliolala waliamka wakiwa watu wengine. Na sisi tuliobaki macho, tukiwa hatuna somo, tukavuta viti tukakaa duara, na mimi nikatoa zile karatasi.

Wengi hawakuandika jina kamili. Waliandika "Bibi wa funguo", "Mama wa vitumbua", "Yule mzee wa kengele", "Dada wa kwaya, ameolewa hapahapa kijijini." Mjumbe wa Wete, Pemba, askari, aliandika neno moja tu: Babu. Nikauliza kila mmoja: wewe una muda gani kwenye kanisa hilo, na huyu uliyemwandika ana muda gani? Viongozi walitaja miezi, au mwaka, mwaka na nusu. Wale wengine walikuwa na miaka kumi, kumi na mitano, na mmoja "tangu sijazaliwa". Askari wa Wete alisema watu wa kanisa lake ni polisi, walimu na watu wa benki, na barua za uhamisho zikitoka anaweza kubaki na nusu ya kwaya. Babu hahamishwi na mtu.

Kanisa la mwambao

Kisa kilichotushika hasa ni cha mlinzi wa hoteli anayeongoza kanisa dogo upande wa Paje. Wanasali katika chumba cha kupanga chenye paa la bati. Watu arobaini hivi msimu ukiwa mzuri, kumi na watano masika. Yeye ni kiongozi wa nne katika miaka saba. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari, akahamishwa. Wa pili alikuwa mpishi; mwaka 2020, watalii walipokatika kwa ajili ya Korona, hoteli yake ilifungwa, akaenda kwao Iringa na hakurudi. Wa tatu alipata kazi Arusha. Wote watatu walipita mikononi mwetu. Tuliwafundisha kuandaa mahubiri, kutunza hesabu, kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Wote watatu waliondoka, na madaftari yao wakaondoka nayo.

"Na mimi mkataba wangu unaisha Machi," alisema mlinzi.

Aliyemwandika kwenye karatasi ni Bibi wa funguo. Bibi huyu alivuka miaka ya 1990 akimfuata mumewe, fundi uashi kutoka Tabora. Mume alifariki, yeye akabaki na watoto, na anajipatia riziki kwa kulima mwani. Kilimo hicho kiliingia mwambao wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi mno wanaokifanya ni wanawake. Bibi anashinda majini na wanawake wa kijiji, wanafunga miche kwenye kamba pamoja, wanaazimana vigingi, watoto wao wamesoma skuli moja. Kanisani hana cheo. Anafungua mlango, anafagia, anajua nani mgonjwa na nani hajalipwa mshahara. Kusoma anasoma kwa shida, kwa hiyo kiongozi asipokuwepo Neno husomwa na mtoto wa darasa la sita, kisha Bibi analieleza.

Mlinzi akatusimulia habari ya kijana wa jikoni aliyefariki usiku, ghafla, katika chumba alichopanga. Kijana hakuwa na ndugu Unguja. Mlinzi ndiyo kwanza alikuwa amepokea uongozi. Ndani ya begi alikuwa na daftari alilonakili kwetu, kurasa sita za utaratibu wa mazishi. Alisema alisimama mlangoni hajui aanze na nani. Bibi alijitanda kanga akatoka. Alikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile. Kutoka kwa sheha akaenda kumgongea mwenzake wa mwani, ambaye mumewe ana gari. Kabla ya alfajiri mwili ulikuwa njiani kwenda hospitali mjini. Kulipokucha wanawake walioshinda na Bibi majini miaka yote walikuja na mikeka na michango yao, wakakaa na waombolezaji. Vijana wa kijiji walisindikiza jeneza mpaka bandarini, likapakiwa boti ya Dar es Salaam kwenda kwa wazazi.

"Mimi nilisoma sala," alisema mlinzi. "Mengine yote alifanya Bibi."

Mchungaji akamwuliza, kwa upole kabisa: "Kwa nini basi Bibi hayupo hapa?"

"Barua ilisema mwenyekiti na katibu, mchungaji."

Hapakuwa na aliyenitazama, lakini nilitamani sakafu inifunike.

Alasiri, Mbweni

Baada ya alasiri tulitembea mpaka kanisa la Mtakatifu Yohane. Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA, ilifika Unguja mwaka 1864 na Askofu Tozer, na Mbweni ilikuja kuwa mahali pa kuwakalisha watumwa waliookolewa majahazini. Wengi wa wajumbe wetu walikuwa wameliona Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka uleule. Mbweni hawakuijua. Walipita kati ya makaburi kimya.

Hapo ndipo mjumbe mmoja wa kamati, mchungaji wa mjini ninayemheshimu sana, alipotoa hoja ambayo sikuweza kuipuuza. Alisema Unguja imekuwa kitalu tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka hapa na kundi la waliokombolewa, wakaanzisha makazi ya Masasi, kusini mwa bara. Skuli ya Kiungani ilisomesha vijana ili watumwe bara. Cecil Majaliwa alilelewa Unguja, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na kazi yake kubwa aliifanya kusini, nchi ya Wayao. "Tukimfundisha mpishi akarudi Iringa," alisema, "Iringa imepata kiongozi. Kanisa ni moja."

Ni kweli, na nilimwambia hivyo. Sijuti hata daftari moja lililokwenda bara. Lakini tulikuwa tumesimama kwenye makaburi ya watu ambao hawakwenda Masasi. Walibaki, wakalima, wakazaa, wakazikwa hapahapa, na ibada haikukatika. Kitalu kina mtu anayekimwagilia. Huyo ndiye ambaye barua yangu haikumwona kwa miaka minne.

Usiku tuliendelea na masomo yaliyopangwa: fedha, mahubiri, kumtembelea mgonjwa. Yalikwenda vizuri na sina la kuongeza.

Jumapili, saa sita

Baada ya ibada yetu niliwaomba wajumbe wapige simu makwao waulize mambo yalivyokwenda. Karibu kote walisali. Kanisa la mwambao walikuja watu 22, na Bibi aliwaeleza habari ya Ruthu. Pemba Babu alimaliza ibada mapema ili watu wawahi mazishi ya jirani.

Kanisa moja la kaskazini halikufunguliwa. Kiongozi wake, kijana mwenye bidii kuliko wengi, aliambiwa kwenye simu kwamba watu walikuja, wakangoja kibarazani chini ya mvua, wakatawanyika. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. Alikuwa nao tangu Ijumaa. Aliketi kwenye ngazi akalia, na mchungaji akaketi pembeni yake muda mrefu bila kusema neno. Sikumwona kuwa mzembe. Tulimfundisha mwaka mzima kwamba kiongozi ni yule anayeshika kila kitu.

Bamvua

Kamati ilikubali, bila ubishi mwingi, kwamba Januari tufanye siku moja ya mafunzo kwa hawa wanaobaki, tena kulekule mwambao ili wasipate taabu ya gari. Tuliwaalika 17 kwa majina. Siku ilipofika walikuja watatu.

Niliumia, na nakiri wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba hawataki. Kesho yake nikaenda kwa Bibi. Nilimkuta uani anaanika mwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunigombeza?"

Nikamwambia sikuja kwa hilo, nimekuja kuuliza. Akasema: "Ungetazama mwezi kwanza."

Jumamosi ile ilikuwa siku ya bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali, na siku hizo chache ndizo mkulima wa mwani anazoweza kufika kwenye kamba zake, kupanda na kuvuna. Akikosa bamvua anangoja nusu mwezi. Kipindi cha maji mafu, maji hayatoki vya kutosha, na mwanamke huyohuyo yuko nyumbani. Kamati yetu ilikuwa imetazama zamu za hoteli, ratiba ya boti na kalenda ya Ramadhani. Mwezi hatukuutazama, kwa sababu waliokuwa wakija kwetu miaka yote hawakuishi kwa mwezi.

Tulipanga upya kwenye maji mafu. Wakaja 14.

Siku ile tuliacha makaratasi. Kila aliyebaki alikaa na kiongozi wake wa sasa, wawili wawili, na kila somo lilitolewa kwa kusimuliwa, kisha mmoja anamsimulia mwenzake. Kwenye fedha nilijifunza mimi. Bibi hana vitabu vya mapato na matumizi. Ana makopo matatu, la kodi ya chumba, la wagonjwa na la msiba, na hela ya kopo moja haiingii jingine. Tulikuwa tumekuja kumfundisha safu za hesabu. Tukaacha makopo yabaki, tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi yafunguliwe mbele ya watu wawili na mtoto aandike kilichomo.

Mambo mawili aliyoyasema siku ile bado yananifanya nifikiri.

La kwanza lilitokea mjumbe mmoja aliposimama na kupendekeza Bibi awekwe rasmi kuwa mzee wa kanisa, na wote tukapiga makofi. Bibi alikataa. Alisema majini yeye ni Bibi fulani, jirani, na wenzake wanamjua anasali wapi na hawajawahi kumbughudhi. Akianza kuitwa kiongozi wa kanisa, akapewa cheti na kiti cha mbele, kuna watakaodhani amewekwa pale kwa kazi nyingine. "Cheo kitaniletea maneno," alisema. Usiku ule wa msiba aligonga mlango wa jirani kama jirani, na ndiyo maana ulifunguliwa. Sisi tulidhani dawa ya barua yangu ni kugawa vyeo zaidi. Kwa mwalimu au askari huenda cheo kikamsaidia. Kwa Bibi kingemvua nguo aliyoivaa miaka thelathini.

La pili: tulipowauliza wangependa kufundishwa nini, wengine walitaja kuimba kwa noti, wengine kusoma. Bibi aliomba afundishwe sala ya kumwombea mtu anayekata roho, aishike kwa moyo. "Yule kijana alikuwa bado anahema nilipofika," alisema. "Mimi nilimshika mkono tu. Sikuijua sala, nikanyamaza."

Basi na anayebaki ana haja ya mafunzo. Kwa miezi miwili nilikuwa nikimsimulia kila mtu habari za Bibi kana kwamba hakosi kitu, na yeye alikuwa amebeba ukimya wa usiku ule peke yake, mwaka mzima, hana wa kumwambia. Mchungaji alimkalisha pembeni wakarudia sala mstari kwa mstari mpaka alasiri. Wiki iliyofuata mlinzi aliirekodi kwenye simu ya Bibi, ili akiisahau aisikilize.

Mlinzi aliondoka Machi, kama alivyosema. Alipata kazi Mwanza. Kabla ya kupanda boti alimwachia Bibi daftari, zile kurasa sita zikiwa zimeandikwa upya kwa herufi kubwa. Kiongozi wa tano ni dada wa usafi wa vyumba, ana mwaka mmoja Unguja.

Barua ya Novemba ijayo nimeshaiandika. Inasema: "Mwenyekiti au katibu, pamoja na mtu mmoja anayeongoza ibada ninyi msipokuwepo." Kwenye fomu nimefuta cheo na kiwango cha elimu. Tarehe nimemwomba Bibi anitajie, ametaja wikendi ya maji mafu. Kilichobaki ni Jumapili yenyewe: wakija wote wawili, nani atafungua mlango? Pendekezo langu ni semina iishe Jumamosi saa kumi na mbili jioni, tukodi gari mbili za mwambao na moja ya Nungwi, kila mtu alale kwake. Wa Pemba watabaki mpaka boti ya Jumapili, nao watakuja mmoja mmoja, Babu atabaki Wete. Hela ya gari la tatu haijapatikana. Kamati inakutana Alhamisi.